Enzaimu za kula lignini tusiziweke zote kapu moja

Ukiokota kipande cha gogo lililooza msituni, lile lililobaki jeupe, laini kama sponji, ukilibonyeza linachambuka nyuzinyuzi mkononi, ujue hapo fangasi wameshafanya kazi ambayo kiwanda cha karatasi kinaifanya kwa joto kali na kemikali kali. Walichokula ni lignini, ile gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi za mti, na wameimaliza kwa enzaimu tu, yani protini zinazochochea mabadiliko ya kemikali. Ndo maana kuna watu wanasema tuzalishe hizi enzaimu kwa wingi tuachane na klorini ya kupaushia. Nusu ya hoja hiyo naiunga mkono kabisa, nusu nyingine hapana.

Ninayoiunga mkono ni enzaimu moja, lakase. Hii imejulikana tangu 1883, Mjapani Yoshida aliiona kwenye utomvu wa mti wa laka, inatumia oksijeni ya hewani na inachobakiza ni maji. Kuizalisha sio shida tena, jeni yake inawekwa kwenye kuvu wa Aspergillus oryzae, kuvu anakuzwa kwenye tangi na enzaimu anaitoa nje mwenyewe, wewe unachuja tu. Kwenye jinzi imefanya kazi nzuri sana maana dawa ya klorini inapausha rangi lakini inakula na pamba, lakase inashambulia indigo, ile rangi ya bluu ya jinzi, na pamba inaiacha salama.

Sasa hamia kwenye karatasi uone. Sehemu kubwa ya lignini lakase peke yake haiiwezi, haina nguvu hiyo, alafu ni kubwa mno kupenya ndani ya nyuzi, kwa hiyo inatafutiwa kemikali ndogo ya kuisaidia. Hata kwenye jinzi inasaidiwa, ila pale rangi iko juu juu na kinachohitajika ni kidogo. Kwenye rojo la mbao tani kwa tani, msaidizi wa kutengenezwa kiwandani, kama kemikali iitwayo HBT, ni ghali na anaweza kuiua hiyohiyo lakase, yani umetoa kemikali mlangoni ukaingiza nyingine dirishani.

Wanaonijibu wanasema basi tumia peroksidase, enzaimu nyingine za fangasi zenye nguvu zaidi. Ni kweli zina nguvu, ile ya lignini ilitangazwa 1983 kutoka kwa Phanerochaete chrysosporium, lakini huyu fangasi anaitoa akishakosa nitrojeni, yani akiwa na njaa na ameacha kukua, na ukimkoroga sana kwenye tangi ndo anagoma kabisa. Ukihamishia jeni kwenye bakteria protini inajikunja vibaya. Tena inahitaji haidrojeni peroksaidi ili ifanye kazi, na hiyo peroksaidi ikizidi kidogo inaiua enzaimu yenyewe. Hapo hata bei sijaigusa.

Kuna njia ya kati ambayo naona inadharauliwa bure, kukuza fangasi juu ya mabua au makapi ya miwa. Ni rahisi, ubaya wake ni joto kujifungia katikati ya lundo na kila awamu inatoka na nguvu tofauti, kwa karatasi haifai ila kwa maji taka ya viwanda vya nguo enzaimu ghafi inatosha, inaondoa rangi vizuri tu. Ila maji yakishakuwa meupe bado yapimwe sumu kabla ya kuachiwa mtoni, maana kilichoonekana kuondoka ni rangi, vipande vyake vingine bado vimo na vinaweza kuwa vikali kuliko ile rangi yenyewe.