Rivolva ndefu si ya kuficha kiunoni

Wacha niseme mapema, mimi ni mtu wa rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, na si hizi za mtutu wa inchi mbili mtu anatumbukiza mfukoni akienda kula nyama Kilimani, naongelea zile ndefu, inchi sita, inchi nane na kitu, ukiiweka mezani watu wanasogeza vikombe. Nairobi ukisema una leseni swali ni lile lile, "kwani nani anakutafuta?" Hapa kwetu bastola ni ya woga ama ya kujionyesha, basi. Mtu anainua shati kidogo kwa baa ndio waitress aone mguu wa kuku. Sasa rivolva ya inchi nane utaiinulia shati gani? Haifichiki, haitoki kiunoni haraka, ukikaa nayo kwa matatu itakudunga mbavu. Kazi yake ni moja tu, kusimama mbele ya shabaha na kujaribu kutoboa karatasi mahali ulipotaka, na mimi nadhani hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya mtu kumiliki kitu kama hicho.

Watu hudhani mtutu mrefu unanyoosha risasi. Hapana bana, risasi inapata mwendo zaidi kidogo, sawa, lakini anayesaidiwa hasa ni jicho lako. Hesabu ni ya darasa la nane. Chukua rivolva fupi ambayo kutoka ule mfuo wa nyuma wa kulengea hadi kinundu cha mbele ni sentimita 10. Ukipangilia vibaya kwa milimita moja peke yake, kwa shabaha iliyo mita 25 risasi inapotea sentimita 25. Chukua ndefu ambayo hapo katikati kuna sentimita 25, kosa ni lile lile la milimita moja, na risasi inapotea sentimita 10. Halafu ule uzito wote wa mbele unatuliza mkono, risasi ikitoka mtutu haurukiruki sana. Smith & Wesson Model 29 ya inchi nane na kitu, ile ya risasi kubwa za .44 Magnum, inakaribia kilo moja na nusu, jaribu kuinyoosha dakika nzima utajua bega lako liko na maoni gani.

Kinachonimaliza mimi lakini ni triga. Ukivuta tu bila kutayarisha nyundo, kidole kinabeba karibu kilo tano na silinda inazunguka wewe ukiangalia, lazima mkono utikisike. Lakini vuta nyundo nyuma kwanza kwa kidole gumba, sikia silinda ikijifunga mahali pake, sasa triga imebaki nyepesi kama kilo moja na nusu hivi na haina safari, unapumua nusu, unaacha, mlio unakushtua wewe mwenyewe. Hakuna haraka hapo. Risasi ni sita, ukimaliza unafungua, unatoa maganda, unahesabu matundu, unajilaumu.

Na hapo ndipo nina ugomvi na mchezo wenyewe. Hapa kwetu kulenga shabaha siku hizi sana sana ni mtindo wa IDPA, mashindano ya bastola za kujihami, nenda renji ya Kirigiti kule Kiambu uone, watu wanachomoa, wanakimbia nyuma ya ukuta wa mbao, saa inahesabu. Inapendeza, siwezi kukataa. Lakini sheria za IDPA hazitaki rivolva iliyozidi inchi nne na robo. Ukienda kwa ISSF, hao wa Olimpiki, mtutu wa bastola ya mita 25 mwisho ni milimita 153, yaani inchi sita. Zetu za kuzidi inchi sita zimefungiwa nje kote kote! Marekani wenzetu walitatua hii mambo 1976, wakaanzisha IHMSA, unaangusha sanamu za chuma, kuku yuko mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo dume 200. Mita 200 na bastola, fikiria. Hapo ndipo mtutu mrefu unaonyesha faida yake.

Kuhusu kukusanya, kila mtu anataka Colt ya 1873 ile ya inchi saba na nusu ya wapanda farasi, ama ile hadithi ya Wyatt Earp, polisi wa enzi za kauboi Marekani, na mtutu wa inchi 12, ambayo ilivumishwa 1931 Earp akiwa ashakufa na wanahistoria wengi hawaiamini. Mimi ningeanza na Webley, rivolva ya Waingereza. Inakunjika katikati kama kiberiti cha zamani na maganda yote sita yanaruka mara moja, halafu ni ya historia yetu. Dedan Kimathi wa Mau Mau, sanamu yake pale Kimathi Street imeshika bunduki na kisu, lakini korti ya Nyeri 1956 ilimhukumu kifo kwa kupatikana na rivolva, Webley Scott ya .38 na risasi sita. Hiyo ndiyo bastola mtoto wa Kenya anafaa kuijua kabla ya hizo za kauboi.

Ukibahatika kupata ya zamani usiipige polishi tafadhali, ile rangi ya buluu iliyochakaa ndiyo thamani, mafuta kidogo yatosha. Na makaratasi yako yawe safi, tangu ule uhakiki wa leseni za bunduki wa mwishoni mwa 2018 hakuna mtu anataka kusikia "nilirithi kwa babu".

Pesa ikiwa shida, kama kwangu, chukua rivolva ya .357 Magnum uilishe risasi za .38 Special, zinaingia bila neno na hazipigi teke sana, lakini kinyume chake haiwezekani, .357 ni ndefu kwa silinda ya .38. Ama bora kabisa ya risasi ndogo za .22, mtutu wa inchi sita. Wenye nazo mko wapi? Tuombe renji moja itupe Jumamosi asubuhi, karatasi mita 25, bila saa, bila kukimbia.