Mkuu wa Zimamoto Asikilizwe Kabla ya Moto

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Juni 1861, ukuta wa ghala ulimwangukia James Braidwood, mkuu wa zimamoto wa London, karibu na mto Thames. Alikuwa amekwenda kuwatia moyo vijana wake waliochoka kupambana na moto wa maghala ya mtaa wa Tooley Street. Mwili wake ulifukuliwa baada ya siku mbili. Walipomzika, msafara ulienea zaidi ya kilomita mbili, na kengele za makanisa zikalia jijini kote.

Kila nikisoma habari za mazishi yale nakasirika. Jiji lilimlilia mtu ambaye lilikuwa limemsikia kwa miaka mingi akionya juu ya maghala yaleyale, na halikuyafanyia kazi maneno yake. Hoja yangu leo ni hiyo: mji unaokua ukimpa mkuu wa zimamoto gari, sare na heshima, lakini ukamnyima kauli juu ya majengo, umemwachia kazi ya kuhesabu hasara.

Braidwood alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1800, baba yake akiwa mjenzi. Alikulia kwenye kazi hiyo, na nadhani hapo ndipo siri yake ilipo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 24, alipewa kikosi kipya cha zimamoto cha mji ule. Wiki chache tu baadaye, mwezi Novemba, sehemu kubwa ya mji mkongwe ikashika moto. Kikosi kilikuwa bado kichanga, na balaa kubwa zaidi ilikuwa amri. Wakubwa wa mji walifika pale, huyu akisema mpira wa maji upelekwe huku, yule akisema upelekwe kule, na vijana wakabaki wanazungushwa. Moto ulipokwisha, mji ulikubali kwamba penye moto anayeamuru ni mmoja, mkuu wa kikosi, hata awepo nani. Leo tunaliona jambo hilo kama la kawaida. Lilipatikana kwa gharama ya nyumba za mamia ya familia.

Aliajiri mafundi: waashi, maseremala, waezeka paa, mafundi bomba. Mtu aliyewahi kupandisha boriti anajua itakatikia wapi ikiungua. Mwezeka paa hatishwi na urefu. Aliwafanyisha mazoezi gizani, kwenye vichochoro na miinuko ya Edinburgh, mpaka mikono yao ikaijua kazi bila macho. Zamani wazimamoto walisimama barabarani na kurusha maji madirishani kwa kubahatisha. Yeye alitaka waingie ndani wakitambaa, kwa sababu hewa ya kuvuta hubaki chini karibu na sakafu, wakakutane na moto kwenye shina lake. Na asiingie mtu peke yake. Waende wawili, mmoja akizidiwa na moshi mwenzake amtoe. Mwaka 1830 aliyaandika haya kitabuni ili na miji mingine ijifunze.

Mwaka 1833 London ikamwita. Lakini aliyemwita hakuwa serikali. Kampuni 10 za bima ziliunganisha vikosi vyao, zikamkabidhi wanaume 80 na vituo 13. Huku alipenda kuajiri mabaharia, watu waliozoea kukesha na kutii amri papo hapo. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba, Bunge la Uingereza liliungua. Jengo lile halikuwa na bima, kwa hiyo vijana wa Braidwood hawakuwa na wajibu wa kulizima. Walikwenda hivyohivyo, wakaelekeza nguvu Westminster Hall, ukumbi wa karne nyingi, na ukapona. Naomba msomaji alitafakari hili: ukumbi uliokuwa moyoni mwa dola kubwa uliokolewa na watu waliolipwa na kampuni za bima.

Kusema kweli Braidwood naye alikosea. Pampu ya mvuke ilikuwepo London tangu 1829, na yeye aliikwepa kwa karibu miaka 30. Alihofu kwamba mkondo mkali wa maji ungewarudisha vijana barabarani, wapige moto kwa mbali kama zamani. Hofu yake ina maana, na bado nasema aliishikilia mno. Kiongozi aliyejenga nidhamu kwa jasho lake huogopa chochote kinachoonekana kuilegeza.

Wakati huo jiji lilikuwa likifumuka. Mwaka 1801 London ilikuwa na watu kama milioni 1. Kufikia 1861 walikaribia milioni 2.8. Wazimamoto wake wa kuajiriwa hawakufika mia mbili. Kando ya mto yalisimama maghala ghorofa juu ya ghorofa, yamebanana, yamejaa katani, pamba, sukari, shahamu na viungo. Braidwood alikuwa amesema kwamba moto ukishika ghala kubwa kiasi kile, pampu zake hazitaweza kitu. Alishauri maghala yagawanywe kwa kuta, na mapito yawe na milango ya chuma inayofungwa. Milango ikawekwa. Siku ya moto ilikutwa wazi.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Ushauri ulikubaliwa, fedha zikatumika, chuma kikafungiwa bawaba, kisha hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kupita siku ya kawaida na kusema, "Funga." Braidwood hakuwa na mamlaka hayo. Alikuwa mtumishi wa kampuni za bima, na ghala lilikuwa mali ya mwenyewe. Maji ya mto nayo yalikuwa yamekupwa jioni ile, pampu zikahangaika kuyavuta. Moto ule ulichukua wiki mbili kuzimika kabisa.

Kampuni za bima zilipohesabu hasara, iliyofika takribani pauni milioni 2, zilipandisha ada na kuiambia serikali kwamba mzigo huu haziwezi tena. Sheria ikapitishwa 1865, na kuanzia Januari 1866 London ikawa na kikosi cha umma chini ya Eyre Massey Shaw, aliyekuwa ameletwa kutoka zimamoto ya Belfast mwaka 1861 kushika nafasi ya Braidwood. Wenye nyumba wakachangia kwa kodi, kampuni za bima zikachangia, serikali ikaongeza pauni 10,000 kwa mwaka. Na mkuu wa kikosi akapewa haki kisheria ya kuvunja mlango na kubomoa jengo, moto ukishawaka.