Hotuba ya Antony: mfiwa au mwanasiasa wa matanga?

Nairobi tumezoea siasa za matanga. Mheshimiwa anapewa kipaza sauti, anamsifu marehemu kidogo, kisha anawageukia wapinzani wake huku jeneza liko palepale. Ndiyo maana wasomaji wengi wa hapa, wakifika kwenye hotuba ya Mark Antony katika tanzia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa 1963, hawasiti: huyu ni mnafiki anayepanda ngazi kwa maiti. Wengine wanamwona rafiki wa Caesar aliyefiwa, ambaye wauaji wa mtawala huyo wa Roma wamempimia maneno. Mimi naona uchovu wetu na siasa za matanga unatufanya tumhukumu mapema mno, ingawa hukumu yenyewe si ya uongo mtupu.

Tuanze na Tendo la 3, Onyesho la 1. Wauaji wakishaondoka, Antony anabaki peke yake na mwili wa Caesar, naye anauomba msamaha kwa kuwa mpole mbele ya wachinjaji hao. Hapo hakuna umati wa kudanganya. Katika tamthilia za aina hii, mhusika anapojisemea peke yake huwa anatoa la moyoni, na anayemwita Antony mnafiki kamili lazima aueleze uzungumzinafsi huu. Lakini tuusome hadi mwisho: katika pumzi hiyohiyo anatabiri vita vitakavyoitapakaza damu Italia nzima. Uchungu na mpango wa kisasi vimezaliwa pamoja. Nani amesema lazima kimoja kikifute kingine?

Sasa hotuba yenyewe, Onyesho la 2. Brutus, mmoja wa wauaji, anayedai kwamba Caesar aliuawa kwa sababu ya tamaa ya madaraka, amempa masharti: asiwalaumu wauaji, amsifu Caesar tu, aseme kwamba anazungumza kwa idhini yao, na apande mimbari ileile baada ya Brutus kumaliza. Brutus amesema kwa nathari, kwa mizani safi, na umati umemkubali kiasi cha kutaka ajengewe sanamu. Raia mmoja hata anaonya kwamba Antony asithubutu kumsema Brutus vibaya.

Hapa ndipo waigizaji wengi wanafunzi huharibu. Wanajua tayari kwamba “Brutus ni mtu wa heshima” ni kinaya, basi wanaitamka kwa kejeli tangu mara ya kwanza. Umati ule ungemshusha mimbarini papo hapo! Mara ya kwanza maneno hayo yasemwe kwa adabu kabisa. Kisha yanarudi baada ya kila hoja: fidia za mateka zilizojaza hazina ya Roma, Caesar kulia pamoja na maskini, taji alilolikataa mara tatu siku ya sikukuu ya Lupercal. Sauti ya mwigizaji haina haja ya kubadilika sana, kwa sababu hoja ndizo zinazoyachachusha maneno. Antony anapofika kusema anaogopa kuwakosea watu wa heshima ambao majambia yao yalimchoma Caesar, raia ndiye anayeropoka kwamba wale ni wasaliti. Antony hajalitamka neno hilo. Masharti ya Brutus hajayavunja waziwazi, na Brutus amekwisha.

Je, hoja zake zina nguvu? Hafifu. Mtu mwenye tamaa ya madaraka anaweza kujaza hazina na kulia na maskini. Wengi hufanya hivyo hasa. Kuhusu taji, Casca, mmoja wa wauaji, alishasimulia katika Tendo la 1 kwamba Caesar alilikataa shingo upande. Lakini Brutus naye alitoa ushahidi gani? Hakutoa hata mfano mmoja wa tamaa hiyo. Aliutaka umati umwamini kwa heshima yake, na ndiyo maana Antony anaishambulia heshima hiyo na kuacha hoja ambazo hazipo.

Upande wa mashtaka dhidi ya Antony unapata nguvu joho la Caesar, lililotobolewa na majambia, linapoinuliwa. Antony anaonyesha tundu la Cassius, la Casca, la Brutus, ilhali hakuwapo: Trebonius, mmoja wa waliokula njama, alikuwa amemvuta pembeni. Anasema anakumbuka Caesar alipolivaa mara ya kwanza, siku alipowashinda Wanervii, kabila la Gaul. Kihistoria ushindi huo ni wa 57 KK, kabla Antony hajajiunga na jeshi la Gaul, lakini hilo nisingemtwisha mhusika. La matundu linatosha. Halafu umati ukishawaka na kuanza kukimbia kuchoma nyumba, anauita urudi: mmesahau wosia wa Caesar. Drakma 75 kwa kila raia, na bustani za kando ya mto Tiber. Mtu aliyezidiwa na kilio hakumbuki kupanga mambo kwa mfuatano huo.

Kinachonishinda kumtetea, hata hivyo, kiko nje ya hotuba. Katika Tendo la 4, Onyesho la 1, Antony anamtuma Lepidus, mtawala mwenzake, akauchukue wosia uleule ili watafute jinsi ya kupunguza malipo. Fedha alizowaahidi maskini mbele ya maiti ya rafiki yake, sasa anazikata akiwa mezani na wakubwa wenzake. Kumpenda Caesar alimpenda. Raia wa Roma ndio aliowatumia. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu hotuba hii na kuishia kwenye takriri na maswali ya balagha amesoma nusu ya ushahidi. Aweke uzungumzinafsi wa Tendo la 3 na amri ile ya Tendo la 4 kwenye ukurasa mmoja, kisha ndipo aamue.