Kufukia bahari ili kupata makazi: hoja mbili za Hong Kong

Oktoba 2018, Carrie Lam, aliyekuwa kiongozi mkuu wa Hong Kong, alitangaza mpango wa kufukia bahari karibu na kisiwa cha Lantau ili kupata hadi hekta 1,700 za ardhi mpya. Visiwa vya awamu ya kwanza, vyenye takriban hekta 1,000, vilitarajiwa kubeba nyumba kati ya 150,000 na 260,000, asilimia 70 zikiwa za umma. Mwaka uliofuata serikali ilikadiria gharama kuwa dola bilioni 624 za Hong Kong.

Hoja ya watetezi si ya kupuuzwa. Ardhi inayotolewa baharini haina mpangaji wa kuhamishwa wala mmiliki wa kulipwa fidia (ingawa wavuvi wana lao la kusema), na reli, barabara na shule zinaweza kupangwa kabla mkazi wa kwanza hajaingia.

Ugumu unaanzia chini ya maji. Matope ya sakafu ya bahari hudidimia kwa miaka mingi yanapokandamizwa na uzito wa kifusi. Uwanja wa ndege wa Kansai nchini Japani, uliofunguliwa 1994 juu ya kisiwa bandia, umeshuka zaidi ya mita 10 tangu ujenzi uanze, na Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliufunika kwa maji. Kisiwa cha namna hii hudai fedha za kuta na pampu muda wote kinapokaliwa.

Hata hivyo, kwangu swali zito ni kama jiji limeishiwa ardhi kweli. Malé, mji mkuu wa Maldives, ulikuwa umejaa hadi ufukweni. Ufukiaji wa Hulhumalé, kisiwa bandia jirani yake, ulioanza 1997 ulikuwa na sababu isiyopingika. Hong Kong, kinyume chake, ina zaidi ya hekta 1,000 katika New Territories, eneo lake la bara kuelekea mpaka wa China, zilizogeuzwa yadi za makontena na magari chakavu. Kuzitwaa kunahitaji kubishana na wamiliki na kuwahamisha wafanyabiashara wadogo, kazi ambayo mwanasiasa yeyote angependa kuikwepa, lakini familia inayosubiri nyumba ya umma kwa zaidi ya miaka 5 haiwezi kungoja matope yatulie.

Mwaka 2024, hazina ikiwa na nakisi, serikali iliuahirisha mradi wa visiwa na kutanguliza ujenzi wa kaskazini, kuelekea mpaka wa Shenzhen, ambako nyingi ya yadi hizo ziko.