Mita 300 za kina hazihusu maji ya moto

Mara kwa mara nakutana na mtu anayejivunia saa yake ya mzamiaji: inahimili mita 300, basi haidhuriki na kitu. Mtu huyohuyo anaingia nayo sauna, anaoga nayo maji ya moto, anasugulia nayo sinki kwa jiki. Hilo linaniuma, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo. Siku moja nilimaliza kusugua jiko kwa maji ya moto, mikono ikiwa imejaa povu, nikaweka kiganja chini ya bomba la maji baridi. Dakika chache baadaye ukungu ulikuwa umetanda chini ya kioo. Saa niliyoiwekea akiba miaka kadhaa!

Zile mita 300 ni habari ya mgandamizo wa maji, basi. Kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, kinataka saa ijaribiwe kwa mgandamizo unaozidi ule ulioandikwa kwa asilimia 25. Jaribio la joto nalo limo, ila halitajwi sana: saa hutoswa kwenye maji ya nyuzi 40, kisha ya nyuzi 5, kisha ya 40 tena. Arobaini tu. Maji ya kutoa mafuta kwenye masufuria huwa moto kuliko hapo, na sauna hupita nyuzi 80. Hata COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, hupima mashine katika nyuzi 8, 23 na 38. Kwa hiyo anayepeleka saa kwenye mvuke asiseme ameahidiwa kitu.

Chuma chenyewe hakitishwi na nyuzi 80. Anayeumia ni mpira. Mfuniko wa nyuma una ringi nyembamba ya mpira, kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira kina zake, na kioo nacho kimezibwa kwa ringi yake. Mpira ukipata joto kali mara kwa mara hupoteza unyumbufu; hubaki umebonyea na kuwa mgumu, usijaze tena nafasi yake. Hewa iliyo ndani ya saa nayo hutanuka kwa joto. Ukiipoza ghafla hujikunja, na pale penye mwanya huvuta unyevu kutoka nje. Nadhani ndivyo nilivyoponzwa. Tena mashine ina matone madogo sana ya mafuta, na joto huyafanya yatambae au yakauke kabla ya wakati wake.

Sabuni watu huiona haina neno. Kumbe hulegeza mvutano wa uso wa maji, na maji ya sabuni hupenya pale ambapo maji matupu yangegoma.

Klorini, ile iliyomo kwenye jiki, ndiyo ninayoiogopa zaidi. Chuma cha pua hakipati kutu kwa sababu ya utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu juu yake, na klorini huuvunja utando huo kidogokidogo, ikaacha vishimo. Kampuni nyingi hutumia chuma cha 316L. Rolex hutumia 904L, kinachostahimili vishimo zaidi. Kustahimili zaidi si ruhusa ya kuloweka. Ringi ya nje inayozunguka, ikiwa na bamba la alumini, inaweza kupauka kwa dawa hizo. Ya kauri ina afadhali. Mwenye saa ya shaba nyeusi ndiyo kabisa, aiweke mbali.

Najua jibu la wengi: saa hizi zilizaliwa kuwa vyombo vya kazi. Kweli, Fifty Fathoms ya Blancpain na Submariner ya Rolex zote zilianzia 1953 kwa ajili ya wanaoshuka chini ya maji. Lakini kazi yenyewe ilikuwa bahari, na bahari ya kuzamia, hata ile yenye joto, haichomi mkono. Waliozitengeneza hawakukosea, tunaokosea ni sisi tunaochanganya bahari na ndoo ya kufulia.

Sasa naivua kabla sijagusa dawa yoyote ya usafi. Kuiosha naiosha, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, kifundo kikiwa kimekazwa. Kila mwaka naipeleka kwa fundi apime kama bado inazuia maji. Siku ile ya ukungu fundi aliponitolea ringi ya mfuniko na kunipa mkononi, ilikuwa bapa kabisa, na nilipoikunja ikakatika.