Nazi ya Pili

Ijumaa ile mama watoto alinituma vitu vitatu kwenye duka la Waafrika: unga wa sembe, dagaa na nazi mbili. "Mbili," akarudia, na vidole akanionyesha. Ndiyo kwanza natoka dukani, simu ikaita. Mzee wa Subaru.

Mzee wa Subaru si mzee. Ni kijana wa Nakuru, tunafanya naye kazi ghala moja hapa nje ya Dallas, na jina alilipata kwa kuwa hana mazungumzo mengine. "Skiza, leo kwenye uwanja wa mbio za magari ni usiku wa kila mtu. Unalipa, unaleta gari yoyote, unashindana robo maili." Nikamwambia mimi nina Camry ya 2009, ya kupelekea watoto shule. "Si iko na mafuta na breki? Kuja."

Hilo neno breki tutalirudia.

Nilikwenda kwa sababu ni uwanja halali, una ambulensi na gari la zimamoto, si kama wale vijana wanaofunga barabara usiku mpaka polisi waje kuwafungua. Ila kabla ya kukimbia kuna ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mzee wa Kizungu, ndevu nyeupe, kurunzi mkononi, na mwanga wa kwanza alinimulika miguuni. Ndala. Akatikisa kichwa. Viatu vya kufunika, suruali ndefu, shati la mikono, bila hivyo huingii. Gari likiwaka moto, ndala ndiyo ya kwanza kuyeyuka. Mzee wa Subaru akanistiri kwa buti zake za kazini. Yeye anavaa 45, mimi 41. Nikawa natembea kama bata aliyekanyaga matope.

Nikatoa helmeti. Ilikuwa ya mwanangu, ya baiskeli, ina picha ya dinosaria. Mkaguzi akaipokea, akaigeuza, akanirudishia polepole kama anayerudisha posa. Akaeleza kwamba helmeti yenye muhuri unaotakiwa huanza kudaiwa gari likimaliza robo maili chini ya sekunde 14. Kisha akaitazama Camry kutoka taa ya mbele hadi bampa ya nyuma. "Wewe, mwanangu, hilo lisikusumbue."

Akazitikisa nati za tairi, akaivuta betri kuona kama imefungwa, akainama kutafuta mvujo wa mafuta. Halafu: "Toa kila kitu kisichofungwa."

Jamani, gari la mtu mwenye watoto watatu! Nikatoa kiti cha mtoto, mwavuli, mkeka, chupa za maji tisa, nusu ya mdoli, unga. Alipofika kwenye dagaa akarudi nyuma hatua mbili. Nyuma yangu foleni ya vijana na magari yao yanayonguruma, wananiangalia nahama nyumba. Mwisho nikatoa mfuko wa nazi. Ulikuwa umechanika chini.

"Ndiyo vyote?"

"Vyote," nikasema, bila kuinama kutazama chini ya kiti. Aibu ilikuwa imenitosha.

Foleni ikasogea. Texas mwezi wa saba, jua linazama na joto bado linakukaba koo, nikawasha kiyoyozi. Mara jamaa wa fulana ya njano anakuja mbio akipunga mikono. Kumbe kiyoyozi kinadondosha maji, na maji yakifika pale wanapoondokea, tairi ya atakayefuata inateleza. Nikazima. Mbele kuna dimbwi dogo la maji lililowekwa makusudi, nikaona wenzangu wanaingiza tairi za nyuma na kuzizungusha mpaka moshi. Nikadhani gari nalo linatia udhu, nikapita katikati. Fulana ya njano akashika kichwa. Lile ni la wenye tairi laini za mashindano. Sisi wa tairi za kwenda sokoni tunapita pembeni, maana maji yanabaki kwenye michirizi tunayapeleka hadi mstarini.

Nikafika. Mpinzani wangu alikuwa mama wa makamo na pikapu lenye mabua ya nyasi nyuma ya kioo. Katikati yetu kuna nguzo ya taa wanayoiita mti wa Krismasi: juu vitaa vya kukwambia umefika mstarini, chini taa tatu za njano zinazowaka kwa kupishana nusu sekunde, kisha kijani. Wazoefu huondoka njano ya mwisho inapowaka. Kwetu Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Mimi kijani kilikuja leo, nikaondoka kesho.

Lakini niliondoka! Nilikanyaga mafuta mpaka sakafuni, tairi zenye udhu zikalia, Camry ikapaa. Mama wa pikapu nilikuwa namwona taa za nyuma tu, basi hata hivyo nilipiga kelele za furaha peke yangu. Nikavuka mwisho. Nikatoa mguu, nikakanyaga breki.

Kitu kikabingirika kutoka chini ya kiti changu. Wakati gari linaongeza mwendo kilikuwa kimetulia nyuma. Nilipopunguza, kikaja mbele kama kilichoitwa. Kikajikita chini ya pedali. Nakanyaga, hakishuki. Natazama: nazi. Ina macho matatu, yote yananitazama.

Nikaipiga teke, buti 45 likanasa kwenye pedali. Breki ya mkono ya Camry hii inakanyagwa kwa mguu, na mguu wa kushoto nao ulikuwa umevaa jahazi. Nikashusha gia, injini ikapiga mayowe, njia ya kutokea ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikasoma dua zote nilizokariri madrasa pamoja na ile ya kula. Mwishoni kuna dimbwi la mchanga la kupokea waliokosa breki. Niliingia kwa mwendo wa mkokoteni, taratibu kabisa, nikakwama.

Mashindano yakasimama. Gari la kuvuta likaja na ving'ora. Mkaguzi akafungua mlango, akainama, akainuka na nazi mkononi. Hakusema neno. Aliyesema ni mtangazaji, kwenye vipaza sauti vya uwanja mzima: "Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Gari limekwama kutokana na..." Kimya. Kukasikika mtu akiulizwa. "...nazi."

Nazi hawakunirudishia. Nilipokuwa natoka niliiona juu ya meza ya ukaguzi, na mzee anamwonyesha kijana wa Mustang, halafu anamwelekeza chini ya kiti.

Nyumbani mama watoto akapanga vitu mezani. "Nazi ya pili?" Nikajifanya natafuta. Akaniingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi cha matokeo, chenye sekunde za mbio, sekunde nilizochelewa kuondoka na mwendo wangu, akadhani ni risiti. Akakisogeza kwenye taa.

"17.92... sawa. 1.894, hii nini, pipi?" Akasoma mstari wa mwisho, ule wa maili kwa saa, akaniinulia macho. "Baba, nazi gani ya dola sabini na nane, na moja yenyewe umeila njiani?"