Chai ya Mnyoo

Jamani, nalipa ada ya ingilishi midiamu ili mtoto afundishwe, siyo ili anirudishe mimi darasani. Tangu binti yangu aingie la tano, hapa Mwanjelwa sina tena ruhusa ya kufungua mdomo kwa Kizungu.

Chanzo ni Mzungu wa baiskeli. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ile ya makoti mawili na bado meno yanagongana, kaja dukani kwangu tairi limeisha upepo, safari yake Tukuyu. Nikamziba pancha. Nikammiminia chai ya tangawizi, nikamwambia kwa Kiingereza, tena kifua mbele, kwamba anywe tu, iko "wam". Mzungu akachungulia kikombe. Akakizungusha. Akaomba kijiko, akakoroga taratibu kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka.

Jioni nikamsimulia binti. Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba! Umemwambia chai ni mnyoo!"

Akaleta daftari. Ya joto inaandikwa warm, ya mnyoo inaandikwa worm. Sasa mimi kosa langu nini? Si nimesoma kilichoandikwa? Kumbe yenye A wenyewe wanaitamka wom, na yenye O wanaitamka karibu kabisa na wam. Yaani wapangaji wamebadilishana vyumba, vibao vya majina wameviacha milango ile ile.

Binti anasema mchawi ni R. Irabu ya Kiingereza ikipanga jirani na R, imekwisha. I ya bird, U ya nurse, E ya her, zote zimetumbukia shimo moja, zinatoka na mlio wa mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Na W akitangulia ndiyo balaa zaidi: war ni wo, word ni wad. Halafu huyo R, akishavuruga nyumba za watu namna hiyo, ukimtafuta London hayupo! Wamemmeza. Gari lao wanaliita kaa. Mmarekani angalau anamkunjia ulimi, unasikia kuna mtu mlangoni. Kwetu A ni A, kutoka Mbeya mpaka Mtwara, iwe jirani na R, iwe jirani na kituo cha polisi.

Nimegundua wazee wetu waliotangulia kuyapokea haya maneno walinizidi akili. Hawakusoma daftari, walitega sikio. Ward ya hospitali wakaifanya wodi: haina R, na O imekaa mahali pake. Nesi wa humo wodini naye R hana. Ila hata wao walifika mahali wakayumba: shirt ikawa shati, skirt ikawa sketi, wakati kinywani kwa Mwingereza irabu ni ile ile. Mlio wenyewe kwetu haupo, basi huyu akadaka A, mwenzake akadaka E. Siwalaumu. Dukani kwangu gia imekuja bila R, waya umekuja bila R. Aliyekuja na R yake ni tairi, na ndiye aliyeniletea Mzungu.

Juzi mama yangu kashuka kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akamkuta binti ananikunjisha ulimi kwa her na fur. Sasa Kinyakyusa chetu R hakina kabisa. Mtoto akaona amepata mwanafunzi wa pili.

"Bibi, sema Rungwe."

"Lungwe."

"Hapana Bibi. Rrrungwe."

"Lungwe. Nimezaliwa chini yake, nimelima ubavuni mwake, leo uje wewe kunifundisha jina lake?"

Binti akafunika daftari. Mama akavua kitenge cha begani, akanigeukia.

"Na hiyo shule, unalipa shilingi ngapi?"